Nimelipa elfu 60 nipate ripoti ya kubonyeza, nikaishia kuambiwa nirudi kwenye mzani

Jamani hii imepita miezi kadhaa lakini nikikumbuka bado naumia. Mimi ni karani wa mzani hapa Kibirizi, Kigoma, naandika kilo za dagaa na migebuka za mitumbwi 43, ya hapa na ya mwalo wa Katonga. Faili langu la Excel kila mtumbwi una mstari wake, halafu kolamu zinaenda pembeni Januari mpaka Desemba, mwisho kabisa JUMLA. Kwa kujaza ni raha. Mwenyekiti wetu akataka ripoti ya kubonyeza, yaani abonyeze Katonga, abonyeze Machi, aone kilo. Nikapeleka kwa fundi mmoja wa mjini, simtaji, elfu 60 taslimu.

Siku ya kuchukua kwanza nilifurahi, rangi nzuri, grafu zimekaa. Kuja kwenye kuchagua mwezi, kaweka slaisa 12, vile visanduku vya vitufe vya kuchuja! Ya Januari peke yake, ya Februari peke yake, na vitufe vya ndani ni kilo zenyewe, 87, 140, 212. Sasa mwenyekiti abonyeze 212 ili iweje? Nikamwambia kaka, mimi nataka kuchagua mwezi siyo kilo. Akanijibu mbele ya wateja, "Mama, data zako chafu, kompyuta siyo mzani wa dagaa, kajifunze kwanza." Sikumjibu. Nimepanda bajaji mpaka nafika Kibirizi sijafungua mdomo. Huo mzani anaoudharau ndo umemlipa.

Na data zangu hazikuwa chafu, zilikuwa zimekaa kwa mapana tu. Aliyenionyesha ni mtoto wa dada yangu, alikuja likizo, akaangalia akaniuliza, "Mamdogo, kwenye hili faili mwezi umeandikwa wapi?" Nikamwonyesha juu kwenye vichwa. Akasema basi ndo tatizo, slaisa inachuja vilivyomo ndani ya kolamu, haichuji vichwa vya kolamu, kwa hiyo mwezi lazima ushuke uwe kolamu moja, na kilo kolamu moja. Akaingia Power Query, sehemu ya kupanga data upya, imo humo humo kwenye Excel tangu ya 2016 na mimi sikuwahi kuigusa, akafuta JUMLA kwanza maana ukiiacha kila kilo inahesabiwa mara mbili, akachagua jina la mtumbwi na mwalo, akabonyeza amri ya kuanpivoti kolamu nyingine zote, yaani kuzigeuza ziwe mistari. Dakika haijaisha. Nilipiga makofi kweli. Miezi ikapangika kialfabeti, Agosti mbele na Januari ya tano, tukaweka 01 Januari, 02 Februari, ikakaa sawa.

Ila msikimbilie tu, hapa nusura niaibike. 43 mara 12 ni 516, mimi nahesabu mistari naona 430. 86 imeenda wapi? Nilikosa usingizi. Kumbe lilikuwa faili la 2024, ule mwaka Ziwa Tanganyika lilifungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo Juni na Julai mitumbwi yote niliacha wazi, na anpivoti inadondosha penye wazi. Mara mbili 43, ndo 86 hiyo. Mwenyekiti angeona Mei inafuatiwa na Agosti kama vile hiyo miezi haikuwepo, wakati watu walikaa nyumbani bila kipato! Dawa ni kujaza sifuri kabla ya kuanpivoti, siyo baada.

Sasa mwenyekiti anabonyeza mwenyewe, mwezi mpya nikiuongeza narifreshi tu unaingia.

Fundi nilikuwa nataka kumpa nyota mbili, maana zile grafu zake natumia mpaka leo na sitaki kumdhulumu mtu kazi yake. Lakini nilirudi kwake kistaarabu, nikamwonyesha, nikamwomba hata nusu ya hela, akaangalia skrini akasema "ndo nilichokuwa nakwambia". Hajawahi kuniambia neno hata moja kuhusu kugeuza kolamu! Nyota moja, na elfu 30 yangu bado naidai.