Black ya Python: mpangilio safi, ila majina utajijua mwenyewe

Naitumia Black, kifaa cha kupanga mwonekano wa code ya Python (lugha ya kuandikia programu), kwenye kaprogramu ka mahesabu ya dagaa hapa soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, na inapiga kazi kwelikweli. Ni ya bure, ukishaiweka hata bando likikata inaendelea tu, inanyoosha spesi, inakata mistari inayozidi herufi 88 (PEP 8, mwongozo rasmi wa mtindo wa kuandika Python, yenyewe inasema 79, hapo watu watabishana mpaka kuche) na alama za nukuu za moja moja (') inazigeuza kuwa za mbili mbili ("). Kinachoudhi setingi zake chache mno, walivyotaka wao ndo hivyo hivyo.

Ila isikudanganye, majina uliyovipa vitu ndani ya code haigusi. Kuna mshkaji alituachia fankisheni (kipande cha code cha kazi moja) inaitwa hesabu2, ndani d, k na x, Black ikaipanga ikapendeza kama bwana harusi lakini sasa nani ajue d ni dagaa au deni?? Tukaweka bei_ya_gunia na deni_la_mteja, zile if (masharti) tatu zilizobebana moja ndani ya nyingine tukazivunja kwa kurudisha jibu mapema, ndo ikaanza kusomeka.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ukitaka kuonyeshwa na import (moduli ulizoziita kwenye code) usizozitumia chukua Ruff, kifaa kingine cha kukagua code ya Python, ina kasi balaa.