Mashine ya Kunyolea ya Nyumbani: Tathmini Baada ya Miezi Kumi ya Kujinyoa

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na siku nilipoitoa mashine yangu kwenye boksi mbele ya kioo cha bafuni nilidhani methali hiyo inahusu tu watu kutegemeana. Sasa naamini aliyeisema kwanza alikuwa anafikiria kisogo. Utosi na pande mbili za kichwa mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kujinyoa akajifunza ndani ya wiki chache, lakini kisogo ndicho hasa tunachomlipia kinyozi, kwa kuwa yeye anakiona na sisi hatukioni. Kwa hiyo tathmini hii inaihusu mashine, lakini zaidi inahusu kama pesa inaokolewa kweli, na kwa kichwa cha namna gani.

Niliyonunua ni mashine ya waya yenye mota ya sumaku, pamoja na vichana vinane vya plastiki, brashi ndogo, kifuniko cha meno na kichupa cha mafuta kisichozidi kidole gumba. Sitaji chapa yake, kwa sababu mashine za muundo huu hufanana kwa ndani kuliko zinavyofanana kwa nje. Mwaka 1919 Leo Wahl wa mji wa Sterling, Illinois, nchini Marekani, aliomba hataza ya mashine ya umeme ambayo mota yake imo ndani ya mkono uleule unaoshikwa, na kanuni yake haijabadilika sana tangu hapo: koili huvuta kipande cha chuma, springi hukirudisha, na meno ya juu husugua kushoto na kulia juu ya meno ya chini ambayo hayasogei. Katika umeme wa hezi 50 mvuto huo hutokea mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana mashine hunguruma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mota hii ina sehemu chache za kuharibika, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayenunua ili asinunue tena, ingawa ni nzito, hupata joto, na waya wake kila mara huangukia bega lile lile usilolitaka.

Siku ya kwanza iligongagonga kwa kelele kiasi kwamba nusura niirudishe dukani. Kumbe pembeni mwake kuna skrubu ndogo ambayo watu wengi hudhani imeshikilia ganda tu, nayo ndiyo inayorekebisha nguvu ya mwendo wa meno: unaizungusha taratibu kinyume cha saa mpaka ule mgongano usikike wazi, kisha unairudisha mwelekeo wa saa mpaka kelele ikatike na kubaki mngurumo laini. Kazi hiyo ilinichukua nusu dakika. Karatasi ya maelezo ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu jambo hilo, tena kwa maandishi madogo kuliko onyo la kutoitumbukiza mashine majini, na nadhani mashine nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya mstari huo kutosomwa.

Kuhusu vichana, namba moja huacha nywele za milimita 3, namba mbili 6, namba tatu 10, namba nne 13, na hivyo hivyo mpaka namba nane inayoacha 25. Ule wenzo mdogo wa pembeni husogeza safu moja ya meno mbele na nyuma, hivyo kila namba hupata nafasi ndogo ya kuongeza au kupunguza. Mwenye nywele za kipilipili ajue kwamba kipimo hicho ni cha unywele ulionyooshwa; ukijikunja huonekana mfupi zaidi, na namba mbili kichwani pake itaonekana kama namba moja na nusu kichwani pa mwenye nywele zilizolala. Nywele za kujikunja pia hulala chini ya kichana na kukwepa meno, kwa hiyo kupitisha mashine mara moja kutoka shingoni kwenda juu hakutoshi, na inabidi urudie kwa mkato, kutoka sikioni kwenda utosini na kutoka mbele kwenda nyuma, hasa pale utosini zinapozunguka kama maji yanayoingia shimoni. Zichane kwanza, ziwe kavu na safi. Nywele zilizolowa hushikana, huziba vichana, na tena maji na waya wa umeme havipaswi kukaa pamoja.

Ajali yangu ilitokea mara ya tatu. Nilikuwa nimefika nyuma ya sikio la kulia nikiwa na namba mbili, nikageuza kifundo cha mkono ili nifuate mviringo wa kichwa, na kichana kikachomoka upande mmoja bila mimi kusikia chochote kwa ule mngurumo. Kilichonishtua ni ubaridi wa chuma kwenye ngozi. Nilipoangalia, palikuwa na doa jeupe, kubwa kama ncha ya kidole cha shahada, mahali ambapo hata kofia haipafiki. Nywele za kichwani huota takriban sentimita moja kwa mwezi, au zaidi kidogo, na kwa hesabu hiyo doa lile lilihitaji zaidi ya wiki mbili kufikia milimita 6, huku nywele jirani nazo zikiendelea kurefuka. Nilishusha kichwa kizima hadi namba moja, na bado siku ya pili nilikwenda kwa kinyozi wangu wa zamani, aliyenitazama kwa muda mrefu kidogo kabla ya kuuliza, kwa adabu kabisa, kama nilikuwa nimelala nikinyolewa. Tangu siku hiyo kila nikibadilisha kichana hukivuta kwa kidole pande zote mbili kabla ya kukigusisha kichwani.

Sasa kisogo chenyewe. Kioo kimoja hakitoshi. Unahitaji kioo cha ukutani na kingine cha mkononi, na ukiwa na vyote viwili utagundua kwamba mkono umesahau kushoto na kulia, kwa kuwa kioo cha pili hugeuza tena kile ambacho cha kwanza kilikwisha kukigeuza. Nilipoteza wiki kadhaa nikipambana na macho yangu kabla ya kuacha kuyategemea. Ninachofanya sasa ni kupapasa. Kwenye kisogo kuna kinundu cha mfupa ambacho kila mtu anaweza kukigusa, na kutoka hapo kwenda juu napita kwa namba niliyochagua bila kutazama kioo hata kidogo. Kioo nakitumia kwa mstari wa shingoni tu: naweka kidole gumba cha mkono wa kushoto kikiwa kimelala pale ninapotaka mstari uishie, kama uzio, halafu nashusha mashine iliyogeuzwa juu-chini bila kichana mpaka ikutane na kidole. Mstari hautoki kama wa kinyozi. Unatoka sawa kwa mtu anayekutazama akiwa umbali wa hatua mbili, na mimi sina mtu anayenitazama shingoni kwa karibu zaidi ya hapo isipokuwa mke wangu, ambaye siku hizi ameajiriwa kwa kazi hiyo bila mshahara.

Na hesabu yake? Mimi na mwanangu wa kiume tulikuwa tukinyolewa kila baada ya wiki mbili, kwa bei moja. Mashine iligharimu sawa na kunyolewa mara tisa. Kioo cha mkononi, shuka la kufunika mabega na chupa ya pili ya mafuta viliongeza gharama ya kunyolewa mara mbili, hivyo mtaji wote ulikuwa sawa na mara 11. Katika miezi hii kumi tungenyolewa mara 42 kwa jumla, na kati ya hizo tulikwenda kwa kinyozi mara nne: ile ya doa, moja ya arusi ya ndugu, na mbili za mwanzo ambazo zilikuwa woga tu. Zikitolewa hizo, tumenyoana nyumbani mara 38, na ukiondoa mtaji imebaki faida ya mara 27. Pesa ya mashine ilirudi katika mwezi wa nne. Ningekuwa peke yangu ingechukua karibu nusu mwaka, na anayenyoa mara moja kwa mwezi angesubiri karibu mwaka mzima kabla ya kuona chochote, kwa hiyo ushauri wa jumla kwamba mashine "hujilipa upesi" ni wa kweli kwa nyumba yenye vichwa vingi kuliko kwa mtu mmoja anayefuga nywele.

Muda sikuuhesabu katika faida, kwa sababu ni mgumu kupimwa kwa haki. Mara ya kwanza nilitumia karibu saa nzima. Siku hizi dakika 25 zinatosha pamoja na kufagia bafu. Kwa kinyozi kiti chenyewe kilichukua dakika 20, lakini benchi la kusubiri lilikuwa na saa yake.

Faida yote hiyo hutegemea meno, na meno hutegemea mafuta. Mashine inapoanza kuvuta nywele badala ya kuzikata, wengi husema imekuwa butu, ilhali mara nyingi imekauka au imejaa vumbi la nywele. Baada ya kila kunyoa nachomoa waya kwenye umeme, napiga brashi, nafuta meno kwa spiriti ya asilimia 70, nasubiri ikauke, kisha nadondosha matone matatu juu ya safu ya meno na moja kila upande kwa nyuma, naiwasha kwa sekunde chache na kufuta yaliyozidi. Mafuta yawe mepesi, yale ya mashine. Niliwahi kutumia ya kupikia yale mengine yalipokwisha, na baada ya wiki mbili meno yalikuwa yameshikana kwa utando kama wa gundi. Ukiyafungua meno kwa usafi, uyarudishe yakiwa sambamba, na ncha za meno ya juu zibaki nyuma ya zile za chini kwa kiasi kisichofika milimita moja. Yakilingana kabisa, mashine hunyoa chini zaidi, lakini pia huchuna ngozi.

Kwa upande wa afya, mashine inayotumiwa na watu wawili wanaojuana ina hatari ndogo kuliko ile iliyopita vichwa ishirini tangu asubuhi, ila hatari haiishi. Mapunye husababishwa na fangasi na huweza kusambazwa na vifaa vya kunyolea, kwa hiyo mtoto mwenye mabaka yanayopukutika kichwani atibiwe kwanza kabla mashine haijamgusa, na vichana vioshwe kwa sabuni kila mara. Mimi kisogo changu huwa na vipele, kama ilivyo kwa wengi wenye nywele za kujikunja, kwa kuwa unywele uliokatwa chini kabisa huweza kujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Nilipoacha kunyoa shingo bila kichana kila wiki, na kuwacha angalau milimita mbili au tatu isipokuwa kwenye ule mstari wa mwisho, vipele vilipungua sana.

Mtindo wa fedi, ule unaopanda kutoka ngozi tupu hadi nywele ndefu bila kuonekana mahali unapobadilikia, siujaribu tena. Unataka kubadilisha vichana na wenzo mara nyingi ndani ya nafasi ya vidole vitatu, tena nyuma ya kichwa chako mwenyewe, na mwanangu alipoutaka nilimpa pesa akaenda kwa mwenye kazi yake. Kwa mtindo wa namba moja kichwa kizima, mashine hii naipa alama nane kwa kumi.

Alama mbili zimepotea kwa waya. Pale unapoingilia kwenye mkono wa mashine hauna mpira wa kutosha wa kuuzuia usipinde, na kwa kuwa kila baada ya kunyoa nilikuwa nauzungushia mashine yenyewe, mwezi wa nane nilianza kuona umejisokota. Sasa nauning'iniza kwenye msumari ukiwa umenyooka, na dukani siku nyingine nitauangalia mpira huo kabla sijahesabu vichana.