TAHADHARI: Hita ya "wati 3000" na mwalimu aliyepigwa kwa hesabu zake mwenyewe

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Wanaojua nilivyopigwa wacheke wamalize, kisha wasome, maana yule jamaa aliyeniuzia hita bado anauza na bado anawaambia watu "pimeni wenyewe".

Ni hita ya kuchovya kwenye maji. Lebo inasema volti 230, wati 3000. Nilimwambia wazi kuwa lebo siziamini, namba kila mtu anaweza kuchapa. Hakubisha. "Mwalimu, hata mimi siziamini. Tupime." Hapo ndipo aliponimaliza. Muuzaji anayekwepa kipimo unamkimbia. Huyu alitoa mita kabla sijaiomba.

Hita ikatumbukizwa kwenye ndoo, ikawashwa. Multimita akanipa mimi, nikapima soketi kwa mkono wangu: volti 230. Kisha akachukua klampu, ile mita ya kubana waya, akaibana kwenye ekstensheni yake ambayo waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ulikuwa umetolewa nje ya ganda. "Ukibana nyaya zote mbili itasoma sifuri," akanielekeza. Ni kweli tupu, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, nami nikatikisa kichwa kama mkaguzi. Mita ikasoma 13.0. "Haya Mwalimu, piga hesabu, mimi sikusoma."

Nikapiga. Kwa sauti! Volti mara ampea, 230 mara 13, wati 2990. "Zimepungua kumi," nikasema. "Hizo zimeliwa na waya," akajibu, tukacheka wote. Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakanunua palepale kwa kusikia sauti yangu, na hilo linaniuma kuliko hela.

Nyumbani nikaweka lita 20. Kutoka nyuzi 25 hadi 85, kwa wati 3000, ni dakika 28 hivi. Dakika 28 zikapita, maji vuguvugu. Ilikwenda saa moja na nusu na ushee. Nikasingizia umeme, nikapima: 228. Ili nguvu ishuke hadi theluthi, volti zingebidi zianguke hadi kama 133, na hapo hata taa zingelia.

Nikachomoa, nikaacha ipoe, nikagusisha multimita kwenye pini mbili za plagi nipime ukinzani, yaani jinsi hita inavyouzuia mkondo; kipimo chake ni omu. (Ukinzani haupimwi kitu kikiwa kwenye umeme, tafadhalini.) Omu 53. Hita ya wati 3000 kwa volti 230 inatakiwa iwe na omu 17 na nusu hivi: volti kipeo cha pili, gawa kwa wati. Kwa omu 53 unapata ampea 4.3, yaani wati elfu moja tu.

Theluthi kamili. Hapo ndipo nikaukumbuka ule waya wa moto. Haukupita kwenye klampu umenyooka. Ulikuwa umeviringwa na kufungwa tepu nyeusi, nikadhani jamaa ni mnadhifu. Klampu husoma usumaku unaouzunguka waya, na kila waya unapopita tena katikati ya taya zake, inajumlisha upya. Nikaazima klampu, nikapitisha waya mara moja: 4.3. Mara mbili: 8.6. Mara tatu: 12.9. Nilikaa pale sakafuni muda mrefu.

Nikampigia. Eti "ukiipima ikiwa baridi lazima ikudanganye." Kwa balbu ya zamani yenye uzi unaowaka ndani, sawa: ya wati 60 ikiwaka ina omu kama 880, ikiwa baridi ni sehemu ndogo tu ya hizo. Lakini waya wa hita ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, ukinzani wake hausogei sana, na ukisogea unapanda! Ukipanda, mkondo unapungua, na wati zinapungua zaidi. Nilikuwa bado naeleza, akakata. Tangu hapo namba yangu haipiti.

"Mimi sikusoma"! Asiyesoma anajuaje kuviringa mara tatu, si mbili, si nne? Huyu ni mwizi. Akamatwe, ile ekstensheni ichukuliwe kama ushahidi, arudishe hela za watu wote, na kabla ya kwenda ndani asimamishwe mbele ya wateja wake apime upya kwa waya ulionyooka.

Dalili za utapeli huu: waya wa hita yenyewe ni mwembamba kama wa redio, na baada ya saa nzima haukupata hata joto, jambo ambalo ampea 13 haziruhusu. Ekstensheni ni yake tu, ya kwako haitaki. Na omu hapimi kamwe, ni ampea tu.

Wale wawili mlionunua nyuma yangu, kama mnasoma hapa, nitafuteni. Multimita ninayo, na samahani nawadai nyinyi kuliko yeye anavyodaiwa na mimi. Hapana, nimekosea: mimi ndiye ninayedaiwa.