Stelingi Kafa: Tulivyoitazama Doctor Sleep Sebuleni kwa Dada

Nianze na angalizo: nitasimulia mpaka mwisho. Kama bado hujaiona na hupendi kuharibiwa uhondo, itazame kwanza ndipo urudi.

Hii ilikuwa mara yangu ya tatu kuiona Doctor Sleep, ile aliyoiongoza Mike Flanagan mwaka 2019, ila safari hii sikuwa peke yangu. Mimi nilishasoma riwaya ya Stephen King ya 2013 iliyozaa filamu hii, na kabla yake The Shining ya 1977, ambayo hii ni mwendelezo wake, na filamu ambayo Stanley Kubrick aliitoa kwenye The Shining mwaka 1980 naijua karibu yote. Mdogo wangu anaijua ile ya zamani kwa kipande kimoja tu, cha shoka na mlango, alichokiona kwenye vichekesho vya mitandaoni. Dada yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi, hajasoma wala kuona lolote katika hayo. Alikubali kukaa nasi kwa sharti kwamba anakunja nguo zake huku anatazama.

Niliikodi mtandaoni nikaunganisha kompyuta na runinga. Niliwawekea toleo la sinema, saa mbili na dakika 32. Toleo refu la mwongozaji, la saa tatu, ndilo nilipendalo zaidi, lakini dada alikuwa na zamu asubuhi.

Kisa chenyewe ni cha Danny, yule mtoto aliyenusurika kuuawa na baba yake hotelini. Sasa ni mtu mzima, anaigizwa na Ewan McGregor, na ni mlevi wa kupindukia kama baba yake. Mwanzoni anaamka kwenye kitanda cha mwanamke asiyemfahamu vizuri, anachomoa hela kwenye pochi yake na kuondoka, mtoto mdogo wa yule mama akiwa humo humo ndani. "Huyu ndiye stelingi wenu?" dada akauliza. Tukamwambia avumilie.

Anapanda basi mpaka mji mdogo huko New Hampshire, anaacha pombe, anapata kazi kwenye nyumba ya wagonjwa ambao matibabu yamefika mwisho. Humo kuna paka. Paka akiingia chumbani na kupanda kitandani, mgonjwa huyo hatamaliza usiku. Dan anamfuata, anakaa pembeni ya kitanda, anaongea na mtu mpaka woga unamtoka. Mzee mmoja ndiye anayempa lile jina la Daktari Usingizi.

Hapo ndipo dada alipoacha kukunja nguo. Shati la shemeji lilibaki mapajani mwake, mkono mmoja umekunjwa na mwingine unaning'inia. Amefanya kazi ya tiba shufaa, ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa wenye maradhi makali, kwa miaka, na sijawahi kumsikia akiizungumzia kwa urefu. Alisema tu kwamba huyo mwigizaji anakaa vizuri. Anakaa vipi? "Hajasimama mlangoni. Wengi husimama mlangoni." Mimi niliyesoma vitabu vyote viwili sikuwahi kuliona hilo.

Mdogo wangu yeye alikuwa anasubiri vitisho, na akaanza kulalamika kwamba muvi inajivuta. Sikumlaumu sana. Anayekuja kutafuta ya kushtua kila dakika tano atasinzia, kwa sababu saa nzima ya kwanza inahusu zaidi mtu anayepambana na chupa. Kipande ninachokipenda kuliko vyote hakina mzimu hata mmoja. Dan anatimiza miaka minane bila kuonja pombe, anasimama mbele ya wenzake wanaoacha pombe na kumzungumzia baba yake, aliyetaka kufika hapo aliposimama yeye na hakufika.

Halafu kuna adui. Rebecca Ferguson ni Rose, kiongozi wa kundi linalozunguka na magari ya kambi na kuonekana kama watalii wastaafu. Chakula chao ni mvuke unaowatoka watoto wenye kipaji kama cha Danny, cha kuona mizimu na kusikia mawazo ya wengine, na mwingine wanauhifadhi kwenye mitungi inayofanana na chupa za chai. Mvuke unakuwa mtamu zaidi mtoto akiteseka. Rose ana kofia ndefu nyeusi na tabasamu la shangazi aliyekuja na zawadi, na mdogo wangu alishaanza kumshabikia.

Ndipo kikaja kipande cha mtoto wa besiboli, anayeigizwa na Jacob Tremblay. Sitakieleza. Dada aliinuka akaenda jikoni, akasema huko huko, "Mniambie ikiisha." Mdogo wangu aliweka simu chini na hakuishika tena. Wapo watazamaji wengi wanaosema Flanagan alipitiliza hapo, kwamba mtoto yule analia muda mrefu mno. Mara ya pili niliyoitazama mimi mwenyewe nilipeleka mbele. Lakini bila kipande hicho Rose angebaki kuwa mwanamke mrembo mwenye kofia, na tungemtakia mema.

Tukafika hotelini, ile ile ya utotoni mwa Danny, anakomvutia Rose wapambane. Hapa ndipo mashabiki wanapogawanyika, na lazima nieleze kwa nini. Katika riwaya ya 1977 hoteli inateketea baada ya boila kulipuka, baba akiwa ndani. Katika filamu ya Kubrick baba anaganda kwenye theluji na hoteli inabaki imesimama. King hakuipenda filamu hiyo na amelisema hilo miaka mingi. Kwa hiyo katika riwaya ya 2013 Dan anarudi mahali palipobaki kiwanja tu. Flanagan alitaka jengo lenyewe. Amewahi kusimulia kwamba King alikataa kwanza, mpaka alipomweleza kipande kimoja: Dan amekaa baa ya hoteli, na anayemmiminia kinywaji ana sura ya baba yake.

Basi Dan anaingia, anapita kwenye korido kuiamsha hoteli, taa zinawaka moja baada ya nyingine, na za kwetu zikazimika. LUKU imeisha. Mdogo wangu alipiga yowe ambalo filamu nzima haikulipata kutoka kwake. Shemeji aliyekuwa amelala ndiye aliyetununulia umeme wa elfu tano kwa simu yake, na dada akaziingiza tarakimu 20 kwenye mita huku tunammulika, akakosea, akarudia.

Tuliporudi tukaikuta ile baa, na nakiri ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Glasi iko mezani, Dan anasimulia kifo cha mama yake, na baba anasogeza glasi karibu zaidi. Baba huyo si Jack Nicholson, aliyemwigiza mwaka 1980, ni Henry Thomas, yule aliyekuwa mtoto kwenye E.T. ya 1982. Hawakumbandika sura ya Nicholson kwa kompyuta, wakachukua mwigizaji mwingine tu. Kuna wanaolichukia hilo, mimi naliunga mkono. Aliyejua filamu ya zamani anasumbuka dakika mbili tatu. Dada hakusumbuka kabisa, kwake alikuwa baba tu, mlevi, anayemlazimisha mwanawe kunywa.

Baada ya hapo, hapana. Kuna bafu la chumba 237, wale mabinti pacha, lifti ya damu, vitisho vya filamu ya 1980, vyote vinapangwa mstari kama wageni rasmi wanaosubiri kutambulishwa. Mimi nilikuwa navitambua, na kuvitambua kukaniondolea woga. Mdogo wangu akauliza, "Hawa nao ni nani?" Nikaanza kumweleza, na ukishaanza kueleza mzimu, mzimu umekwisha.

Mwishoni hoteli inamvaa Dan kama ilivyomvaa baba yake, anapata upenyo wa kujitambua, anashuka kwenye chumba cha boila na kuungua nayo. Mdogo wangu alisimama. "Stelingi kafa! Stelingi hafi!" Nikamwambia kwenye riwaya hafi kweli, anabaki hai. Hiki alichopewa ni kifo cha baba yake, kile cha kitabu cha 1977 ambacho Kubrick hakumpa baba, mtoto amekuja kukilipia. Hakushawishika. Alipofikiri kidogo akaamua kwamba stelingi alikuwa Abra, yule binti mwenye kipaji ambaye Dan anamlinda dhidi ya Rose, anayeigizwa na Kyliegh Curran, na kwa kuwa Abra yuko hai, sheria haijavunjwa.

Filamu hii iliingiza kama dola milioni 72 dunia nzima, fedha ndogo kwa jina la King wakati huo. Nadhani wengi waliogopa kuingia bila kuiona ya 1980. Kwa niliyoyaona sebuleni, aliyefaidi zaidi ni yule ambaye hakuwa ameona chochote. Mimi nikiulizwa naipa nane kwa kumi mpaka lango la hoteli, na sita kutoka hapo, ukiitoa ile baa.

Dada alizima runinga, akabeba nguo zake. Akiwa mlangoni akauliza kama yule paka yumo kwenye kitabu pia. Nikamwambia yumo, ila kitabu ni cha Kiingereza, na kinene.

"Wewe kilete."