Nimemaliza Zhen Huan Zhuan, na aliyenitoa machozi ni adui wa steling

Kwa wapenzi wa tamthilia za Kichina ambao wanaizungukazunguka Zhen Huan Zhuan kwa kuogopa urefu wake: itazameni. Nimeimaliza, sehemu zote 76, na sijaona tamthilia ya kasri inayoikaribia. Ilitoka mwaka 2011, mwongozaji ni Zheng Xiaolong, na hadithi inatokana na riwaya ya Liu Lianzi, ambaye mwenyewe alishiriki kuiandikia tamthilia. Steling ni Sun Li, na kazi hii ilimfikisha kwenye kuwania tuzo ya kimataifa ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2013. Nitataja anayekufa na anavyokufa, maana bila hivyo siwezi kueleza kwa nini naipenda kiasi hiki. Usiyetaka kuharibiwa uhondo, soma hadi mwisho wa aya ya tatu, kisha ukaitazame.

Tuko Beijing, ndani ya Mji Uliokatazwa, kasri la wafalme, zama za mfalme Yongzheng wa nasaba ya Qing, aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735. Zhen Huan ni binti wa miaka 17 anayepelekwa kwenye uteuzi wa masuria huku akimwomba Mungu asichaguliwe. Anachaguliwa. Pamoja naye wanaingia Shen Meizhuang, rafiki yake tangu utotoni, na An Lingrong, binti wa ofisa mdogo wa mkoani ambaye kwao hakuna fedha wala jina. Humo ndani wanawake wamepangwa kwa vyeo, juu kabisa malkia, chini yake masuria wa daraja moja baada ya jingine. Cheo ndicho kinachoamua utapewa makaa kiasi gani wakati wa baridi, vijakazi wangapi, na nani atapiga magoti ukipita. Jioni towashi humletea mfalme sinia la vibao vyenye majina yao, naye hukigeuza kibao cha anayemtaka usiku huo. Atakayeitwa hufuatwa na gari lenye kengele, na wale wengine wote, kila mmoja chumbani kwake, huisikia kengele ikipita mlangoni na kuendelea.

Jambo moja kabla hujaanza: tafuta ile ndefu. Mwaka 2015 iliwekwa Netflix ya Marekani baada ya kukatwakatwa ikawa vipande 6 vya dakika 90 kila kimoja. Matukio makubwa utayaona, lakini utakosa kile kinachoyapa uzito. Katika hadithi hii sumu haimwagwi kwenye kikombe mtu akaanguka. Inawekwa kwenye mafuta ya kupaka, kwenye udi, kwenye zawadi, halafu inaachwa ifanye kazi yake taratibu, na mtazamaji anapaswa kuishi nayo taratibu vilevile. Zile sehemu kumi za mwanzo zinazoonekana za pole, za chai na salamu na nguo, ndizo zinazobeba nyingine zote. Vumilia.

Sasa niingie kwenye lililonishika.

Kwa nusu nzima ya kwanza adui ni suria Hua, jina lake Nian Shilan, ameigizwa na Jiang Xin. Ni mzuri, ana kiburi, ana ulimi mkali, na kaka yake ni jenerali Nian Gengyao ambaye mfalme hawezi kumkosea maana ndiye anayeshika jeshi. Tangu mwanzo tunaonyeshwa alivyo: anaamuru msichana mgeni achapwe hadi miguu yake inaharibika, kosa lake mdomo tu. Baadaye anampigisha Zhen Huan magoti juani akiwa mjamzito, na mimba inatoka. Nilimchukia kwa moyo wote.

Lakini tangu mapema tunaoneshwa udi. Mfalme alimtengenezea Hua fukizo lake peke yake, hakuna mwingine katika kasri zima anayeruhusiwa kulitumia. Hua analiona kuwa ndiyo alama ya mapenzi. Analifukiza kila siku, anajivunia harufu yake mbele ya wenzake, na huku anahangaika na matabibu miaka na miaka akitaka kujua kwa nini hashiki mimba. Ndani ya fukizo lile kuna miski, ambayo katika tamthilia hii ndiyo dawa ya kuzuia na kutoa mimba. Aliyeitia ni mfalme mwenyewe. Hataki mtoto wa kiume mwenye damu ya akina Nian. Kila usiku analala naye kwenye moshi ule, anamwita kwa jina la mahaba, na anajua.

Kaka mtu anapoanguka, Hua anavuliwa cheo na kufungiwa kasri baridi, jengo wanalotupwa waliokataliwa. Hata pale bado anasubiri. Anaamini mfalme akimwona tu atakumbuka. Zhen Huan ndiye anayekwenda kumweleza habari ya udi. Jiang Xin anacheka kwanza, kisha uso unamwishia, halafu anajirusha na kupiga kichwa ukutani, na maneno yake ya mwisho ni malalamiko kwa mfalme kwamba amemtesa sana. Nilisimamisha video. Nilikuwa nimesubiri sana mwanamke huyu alipe, na alipolipa sikupata raha yoyote. Tangu hapo niliacha kutafuta adui miongoni mwa wanawake, nikaanza kumtazama aliyekaa kitini.

Na hapo ndipo tamthilia inapofunguka. Kila mwovu humo anapewa siku ya kusikilizwa. Malkia, ameigizwa na Ada Choi wa Hong Kong, ndiye fundi wa fitina zote, mpole usoni, mikono imejaa damu za watoto wa wenzake. Anapobanwa mwishoni anasimulia usiku alipofiwa na mwanawe: mvua inanyesha, amembeba maiti mikononi anatembea nayo usiku kucha, na mumewe muda huo anafurahia mimba ya dada yake. Dada huyo ndiye malkia wa kwanza, Chunyuan, kipenzi cha mfalme, na malkia huyu ndiye aliyemuua. Haimwondolei dhambi. Lakini Choi anasimulia kwa namna ambayo huwezi tena kumwita shetani ukatosheka.

An Lingrong ndiye aliyeniuma kuliko Hua hata, kwa sababu yeye sikumwona akigeuka. Siku ya uteuzi Zhen Huan anamtetea mbele ya mtu anayemdharau na kumchomekea ua kwenye nywele. Ungesema ni udugu wa kufa na kuzikana. Kisha yanaanza madogomadogo. Anaitwa kwa mfalme kwa mara ya kwanza, anatetemeka kwa hofu, anarudishwa bila kuguswa, na asubuhi kasri zima linamcheka. Anagundua kwamba sauti yake ya kuimba inaweza kumwinua, na wanaomsaidia kuinuka wanamkumbusha kila mara kwamba wamemsaidia. Siku paka anapomkwaruza Zhen Huan usoni, Lingrong anamletea mafuta ya kuondoa kovu aliyoyatengeneza kwa mikono yake. Ndani yake kuna miski, tena. Alipomaliza maisha yake kwa kula lozi chungu nilirudi nyuma nikatazama upya sehemu za kwanza, na kweli, yote yalikuwepo: jinsi anavyokaa pembeni, jinsi macho yake yanavyotazama vitambaa vya wenzake. Waandishi walikuwa wameshatuambia.

Wengi wanaitafuta tamthilia hii kwa ajili ya mapenzi, na hapa nitasema wazi kwamba mapenzi ndiyo sehemu yake dhaifu, ingawa yamepangwa kwa akili. Mara ya kwanza mfalme na Zhen Huan wanapokutana bustanini, Zhen Huan akipiga filimbi kwenye bembea, mfalme anaficha cheo chake na kujitambulisha kuwa ni mdogo wake, mwanamfalme Guo. Mapenzi yao yanaanzia kwenye jina la mtu mwingine. Kisha Zhen Huan anakuja kujua kwamba hata sura yake ilipendwa kwa kuwa inafanana na ya marehemu Chunyuan. Anavunjika, anajifungua binti, anaondoka kasrini na kwenda kukaa kwenye hekalu la Ganlu, mlimani. Na huko anampenda nani? Mwanamfalme Guo wa kweli. Mpango huo ni mzuri mno. Tatizo ni mwanamfalme mwenyewe. Hana doa. Zhen Huan akishikwa na homa, yeye anajilaza kwenye theluji mwili upoe, kisha anakuja kumkumbatia ili ashushe joto lake. Najua kuna waliolia hapo. Mimi nilimtamani mtu mwenye kasoro japo moja, maana tumetoka kukaa na watu wenye nyama na mifupa kama Hua na Lingrong. Sehemu za mlimani ndizo pekee nilizoona zinajikokota.

Akirudi kasrini, Zhen Huan ni mtu mwingine, na Sun Li anaonyesha tofauti hiyo kwa shingo na kope kabla hajasema neno. Sauti unayoisikia si yake, ni ya Ji Guanlin aliyemwingizia sauti, na wameshikana hivi kwamba usipoambiwa hutajua. Kuanzia hapo ni vita. Ile siku ya kupima damu usiikose kwa lolote: wanadai mtoto wake si wa mfalme, wanadondosha damu ya mtoto na ya tabibu Wen, wanayemshuku kuwa ndiye baba, kwenye bakuli la maji, na damu zinaungana. Kumbe maji yametiwa shabu, na kwenye maji ya shabu damu ya yeyote itaungana. Sehemu nzima inapita ndani ya chumba kimoja, watu wamesimama na kupiga magoti, na nilikuwa nimeshika tama mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu historia, usiitazame kama somo. Riwaya ya asili iliwekwa kwenye nasaba ya kubuni, ikahamishiwa kwa Yongzheng ilipokwenda kwenye televisheni. Suria Nian alikuwepo kweli, na alizaa watoto wanne, wote wakafa wadogo. Alifariki mwishoni mwa 1725, na kaka yake akaamriwa kujiua mwanzoni mwa 1726, kwa hiyo hakuishi kuona mwisho wa kaka yake. Mwanamfalme Guo, Yunli, hakunyweshwa divai ya sumu kama tunavyoona, alikufa mwaka 1738, mfalme akiwa ameshazikwa. Na mwanamke ambaye Zhen Huan amejengwa juu yake, mama wa mfalme Qianlong aliyemrithi Yongzheng, alimzaa Qianlong mwenyewe mwaka 1711, hakuwa mama wa kulea kama kwenye tamthilia, na akaishi hadi 1777. Kujua hayo hakukunipunguzia utamu. Kulinifanya nimfikirie yule Nian wa kweli na watoto wake wanne, na nikaona waandishi wameubadilisha msiba mmoja kwa mwingine.

Sasa ya kawaida kabisa. Nimeitazama mtandaoni kwa manukuu ya Kiingereza, na inakula bando hasa, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Manukuu yanapita haraka. Wahusika wanazungumza kwa mafumbo na mashairi, na mara nyingi tafsiri inakupa maana kavu tu. Majina nayo yanasumbua mwanzoni, kwa sababu kila suria akipanda cheo anaitwa vingine. Andika pembeni nani ni nani kwa sehemu tano za kwanza, baada ya hapo utawajua kwa sauti. Ninachotamani ni kuiona kwa Kiswahili. Mwaka 2011 huohuo TBC ilituonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ile ilikuwa hadithi ya mkwe na mama mkwe tu. Fikiria lugha hii yetu yenye vijembe, mafumbo na maneno ya kanga ikipewa kinywa cha suria Hua! Mwanamke wa Tanga au Unguja angemwigiza bila kufundishwa.

Ukishaimaliza utaulizwa uende wapi, Yanxi au Ruyi, tamthilia nyingine mbili za kasri, zote za 2018, zote za zama za Qianlong. Yanxi ina sehemu 70, inakwenda mbio, na steling wake akichokozwa asubuhi ameshalipiza jioni. Ni ya kukupa raha baada ya huzuni hii. Ruyi ina sehemu 87 na imetoka kwa mwandishi yuleyule Liu Lianzi. Mama wa mfalme unayemkuta humo ndiye Zhen Huan aliyezeeka, safari hii akiigizwa na Vivian Wu, na sasa yeye ndiye anayeketi juu na kuwatazama wasichana wapya wakiingia. Kama umempenda Zhen Huan, nenda Ruyi kwanza, hata kama ni nzito. Yanxi iweke akiba. Mimi Zhen Huan nimeipa 9 kati ya 10, na hiyo moja niliyoikata ni ya kule mlimani.