Mafunzo ya wasaidizi rika: niliandikiwa dakika ya pili

Nimeishi na sonona miaka 12 na nimelazwa mara 2. Nilipojiandikisha kwenye mafunzo haya ya siku 5, yanayotuandaa sisi tuliopitia maradhi ya akili tuwasaidie wengine wanaoyapitia, niliamini mtaji wangu ni simulizi yangu. Siku ya pili nikaona jinsi ninavyoumwaga ovyo mtaji wenyewe.

Tulikaa watatu watatu. Mmoja anaeleza linalomsumbua kweli, wa pili anasikiliza, wa tatu ameshika saa, anaandika ni dakika ya ngapi msikilizaji ameanza kujisemea yeye. Mimi niliandikiwa dakika ya pili. Dada mmoja alikuwa anaeleza anavyouogopa usiku. Nikamkatiza, "Hata mimi," nikaenda nayo mpaka wodini. Nilipomaliza akaniambia, "Pole sana, kaka yangu." Mwenye shida ndiye aliyenipa pole! Wakati wa mapumziko nililia.

Zoezi hilo tulilirudia kila siku. Siku ya nne nilimuuliza tu, "Usiku ukiingia, huwa unafanya nini kwanza?" Akaongea dakika 20. Kuhusu mimi nilisema sentensi moja, tena baada ya kumwomba ruhusa. Kwa hilo pekee mafunzo haya nayapa shukrani.

Wakufunzi wote wawili wamewahi kuugua, na mmoja alitueleza wazi kwamba bado yuko kwenye dawa. Walitukumbusha kila mara kwamba msaidizi rika si daktari mdogo. Tulisoma pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kuhusu usaidizi wa mtu kwa mtu. Unapatikana bure, usomeni hata msipohudhuria.

Mada ya kutunza siri za unayemsaidia ilipewa saa moja, na hapo sikuridhika kabisa. Mtu akikuambia anataka kujiua, unamwita nani? Unamwelezaje kwamba hilo huwezi kulificha? Ilistahili siku nzima, na maigizo.

Tena hakuna aliyetuambia nani atatusimamia tukishaanza kazi. Mwezi wa kwanza nilipoteza usingizi kwa niliyoyasikia. Nikawatafuta wenzangu wawili wa darasani. Sasa tunapigiana simu kila Jumatano, kila mmoja na zamu yake ya kusikilizwa.

Kama umeruhusiwa kutoka hospitali juzi tu, ngoja kwanza upate nguvu, maana mazoezi yanatonesha. Ukiwa tayari, nenda, ila kabla ya kujiandikisha waulize: mimi nikielemewa, nampigia nani?