Fundi wa mashine za CNC, Mbeya: alitafuta chanzo kabla ya kudai vipuri
Mashine yetu ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga chuma, hapa Iyunga, ilianza kushusha mhimili wa Z (wa kwenda juu na chini) bila kuamriwa, na tayari ilikuwa imevunja visu viwili. Fundi wa kwanza alitaka tununue draivu mpya (kifaa kinachoendesha mota ya mhimili) kabla hata hajafungua kabati la umeme. Wa pili, ambaye ndiye ninayemwandikia tathmini hii, alianza na programu: alihakikisha kwamba hakuna G91 (amri ya kuhesabu mwendo kutoka pale mashine ilipo) iliyosahaulika mahali palipohitaji G90 (kuhesabu kutoka sifuri ya kazi), kisha akausimamisha mhimili huo, akaufungia saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha hata mwendo mdogo sana) na kusubiri. Mshale haukutikisika. Alipowasha mota ya kichwa cha kukatia, ukaruka. Hapo akaifuata kebo ya enkoda (kihisi kinachoiambia mashine mhimili uko wapi) na kutuonyesha jinsi ilivyofungwa pamoja na nyaya za inveta inayoendesha mota hiyo, huku wavu wake wa kuzuia mwingiliano wa umeme ukiwa umekatika upande wa athi. Akazitenganisha, akaunga wavu upya. Alichelewa siku nzima, na risiti niliidai mara mbili (kwa mafundi wetu si ajabu), lakini wiki ya tatu sasa mhimili unatulia.